Breki ya moyo: Jinsi neva ya vagasi inavyoyatawala mapigo yetu

Na MWANDISHI WETU

KATIKA sherehe nyingi za kitaifa, wanafunzi wakiwa wamejipanga mistari uwanjani na jua likiwachoma utosini, aghalabu huwapo mmoja anayeanguka. Hakusukumwa wala hakujikwaa. Dakika moja kabla alikuwa amesimama wima kama wenzake. Ghafla jasho jembamba likamtoka, macho yakaingia kiza, miguu ikamlegea, naye akaporomoka.

Wanaomzunguka huharakisha kumwinua. Wawili humshika makwapani na kumsimamisha, wa tatu humpepea kwa daftari, na wa nne huanza kunong'ona kuhusu njaa au mapepo. Wote wana nia njema, lakini huko kumsimamisha ndilo jambo baya zaidi wanaloweza kumfanyia wakati huo.

Ili kuelewa sababu yake, hatuna budi kuifahamu neva moja inayotoka katika shina la ubongo na kuteremka hadi moyoni. Wataalamu huiita neva ya vagasi. Ndiyo inayouzuia moyo wako kwenda mbio unaposoma makala haya, na ndiyo pia, inapopitisha kiasi, husaidia kumwangusha mwanafunzi katika paredi.

NEVA MZURURAJI

Kutoka kichwani mwa binadamu hutokea jozi 12 za neva zinazoungana moja kwa moja na ubongo. Vagasi ni jozi ya kumi. Jina lake ni la Kilatini na maana yake ni mzururaji. Jina hilo liliifaa, kwani ilhali neva nyingi za kundi hilo huishia machoni, masikioni, usoni au mdomoni, hii hutangatanga hadi mbali.

Iko moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto. Kila moja huteremka shingoni ikiandamana na ateri kubwa na vena kubwa ndani ya ala moja, huingia kifuani na kutoa matawi yanayofika kwenye koo, mapafu na moyo, kisha hupenya hadi tumboni na kuufikia utumbo.

Kazi ya neva hii si kutoa amri tu. Takriban nyuzi nne kati ya kila tano zilizomo ndani yake hupeleka habari juu, kutoka kwa viungo hadi kwa ubongo. Zilizosalia ndizo zinazoteremsha maagizo, na baadhi ya hizo ndizo zinazofika moyoni.

MOYO UNA UMEME WAKE

Kabla ya kuieleza breki, yafaa tulieleze gari lenyewe. Moyo hauhitaji kuamrishwa na ubongo ili udunde. Moyo wa chura ukitolewa kifuani na kuwekwa katika maji yenye chumvi za kiasi kinachofaa, huendelea kupiga peke yake kwa muda mrefu. Hii ni kwa sababu moyo hujizalishia umeme.

Chanzo cha umeme huo ni kifundo kidogo cha seli kilicho kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia, karibu na mahali inapoingilia vena kubwa inayoteremsha damu kutoka kichwani na mikononi. Kifundo hicho, kiitwacho nodi ya sainasi, kilielezwa mwaka wa 1907 na wanasayansi wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack.

Seli za nodi hii hazijui kutulia. Kila zinapomaliza pigo moja, chembe zenye chaji ya umeme, kama vile za sodiamu na kalsiamu, huanza kupenya ndani yake. Volteji ya seli hupanda polepole, mfano wa maji yanayojaa mtungini. Mtungi ukifurika, pigo jingine hutokea, na kazi ya kuujaza huanza upya.

Kutoka hapo umeme husambaa katika vyumba viwili vya juu vya moyo, navyo hujikaza na kusukuma damu katika vyumba viwili vya chini. Hata hivyo, umeme huo hauwezi kuteremka ovyo. Baina ya vyumba vya juu na vya chini pana ukuta usiopitisha umeme, na mlango wake ni mmoja tu. Mlango huo ni kifundo cha pili cha seli, ambacho hapa tutakiita nodi ya kati. Kilielezwa mwaka wa 1906 na Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akifanya utafiti wake nchini Ujerumani.

Katika mlango huo umeme hucheleweshwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kuchelewa huko si hitilafu. Ndiko kunakovipa vyumba vya juu nafasi ya kumaliza kumimina damu kabla ya vyumba vya chini kujikaza.

Baada ya kupita mlangoni, umeme hukimbia katika fungu la nyuzi lililopewa jina la Wilhelm His, aliyelieleza mwaka wa 1893, na katika matawi yake, hadi vyumba vya chini vikajikaza karibu kwa wakati mmoja. Hilo ndilo pigo unaloligusa kwenye mshipa wa mkono.

MGUU JUU YA BREKI

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, wengi wakiwa karibu na 70. Lakini nodi ya sainasi ikiachwa peke yake, bila kuingiliwa na neva yoyote, mwendo wake kwa kijana mwenye afya huwa mapigo 100 au zaidi kidogo kwa dakika.

Upungufu huo wa mapigo 30 hivi ni kazi ya vagasi. Mfano wake ni dereva wa matatu anayeuteremka mteremko wa kuelekea Mai Mahiu, mguu wake ukiwa juu ya breki wakati wote. Akitaka kuongeza mwendo kidogo, halazimiki kukanyaga mafuta. Hulegeza breki tu.

Ndivyo ilivyo kwa moyo. Ukiinuka kitini na kuanza kutembea, mapigo hupanda mara moja kwa sababu vagasi imelegeza. Ni pale unapozidi kukimbia, mapigo yakishapita 100 hivi, ndipo neva za upande wa pili, zile zinazochochea moyo kwa noradrenalini, pamoja na adrenalini iliyomo katika damu, huchukua usukani.

Ushahidi ulio wazi wa jambo hili hutoka kwa wagonjwa waliopandikizwa moyo. Daktari Christiaan Barnard alifanya upandikizaji wa kwanza wa moyo kutoka kwa binadamu hadi kwa binadamu katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mnamo Desemba 3, 1967. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakiutazama moyo unaofanya kazi bila neva.

Mpasuaji anapoushona moyo mpya kifuani, huunganisha mishipa ya damu, lakini neva zilizokatwa haziunganishi. Moyo huo hupiga kati ya mara 90 na 110 kwa dakika hata mgonjwa akiwa amelala tuli. Akianza kutembea, mapigo hayapandi papo hapo. Husubiri adrenalini isafiri kwa njia ya damu, kwa kuwa breki ya kulegezwa haipo.

UJUMBE WA KEMIKALI

Kwamba neva inaweza kutuliza, si kuamsha tu, ni jambo lililowashangaza wataalamu lilipogunduliwa. Mwaka wa 1845 ndugu wawili Wajerumani, Ernst Heinrich na Eduard Weber, walionyesha kwamba vagasi ikichochewa kwa umeme, moyo hupunguza mwendo na hata kusimama.

Lakini ujumbe huo hufikaje kwenye seli za moyo? Jibu lilipatikana mwaka wa 1921 mjini Graz, Austria. Otto Loewi alisimulia kwamba wazo la jaribio lake lilimjia usingizini. Aliuchukua moyo wa chura ulio na vagasi yake, akaichochea neva hiyo hadi moyo ukapunguza mwendo. Kisha aliyachota maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo na kuyatia katika moyo wa chura mwingine ambao haukuchochewa. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo.

Ilikuwa bayana kwamba neva ilikuwa imemwaga kemikali fulani. Kemikali hiyo leo inajulikana kama asetilikolini. Loewi alituzwa Nobel mwaka wa 1936 pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Asetilikolini ikifika kwenye seli za nodi ya sainasi, hutenda mambo mawili. Kwanza, hufungua vijilango vinavyotoa potasiamu nje ya seli, hivi kwamba ule mtungi huanza kujazwa ukiwa mtupu zaidi kuliko kawaida. Pili, hupunguza kasi ya chembe zinazoingia, hivi kwamba mtungi hujaa polepole zaidi. Kwa hivyo, muda baina ya pigo na pigo huongezeka.

Kazi hiyo hufanyika upesi ajabu. Vagasi inaweza kulichelewesha pigo linalofuata papo hapo, ilhali neva za kuchochea huhitaji sekunde kadhaa kuonyesha athari zake. Aidha, asetilikolini haikai. Kuna kimeng'enya kilicho tayari kuivunja mara tu inapotoa ujumbe wake, na moyo ukawa huru kwa amri nyingine. Mkulima anayenyunyizia mimea dawa ana sababu ya kukikumbuka kimeng'enya hicho, kama tutakavyoona.

MLINZI WA MLANGO

Vagasi haitawali nodi ya sainasi pekee. Huutawala pia ule mlango wa kati. Kwa jumla, vagasi ya kulia huelekea zaidi kwenye nodi ya sainasi, nayo ya kushoto kwenye nodi ya kati, ingawa maeneo yao huingiliana.

Tofauti hiyo ina maana hospitalini. Nchini Marekani, kifaa cha kuchochea vagasi kiliidhinishwa mwaka wa 1997 kwa matibabu ya kifafa kisichosikia dawa. Kwa kawaida waya wake hufungwa kwenye neva ya kushoto, ili kupunguza uwezekano wa kuuvuruga mwendo wa moyo.

Vagasi inapoongeza nguvu kwenye nodi ya kati, umeme hupita ukijikokota. Katika picha ya umeme wa moyo inayochapishwa hospitalini, daktari hupima muda kuanzia vyumba vya juu vinapoanza kuchangamka hadi vya chini vinapoitikia. Kwa mtu mzima, muda huo huwa kati ya sekunde 0.12 na 0.20. Vagasi ikikaza, muda huo hurefuka, na ikikaza zaidi, baadhi ya mapigo hufika mlangoni yakakosa kupita.

Si kila anayeonekana na hali hiyo ni mgonjwa. Vijana wenye afya na wanariadha huweza kupoteza pigo moja moja wakiwa usingizini, wakati ambapo vagasi huwa na nguvu zaidi. Ni juu ya daktari kutofautisha mlango uliofungwa na mlinzi na mlango ulioharibika.

Na iwapo mlango utafungwa kabisa? Vyumba vya chini, ambavyo vagasi haivifikii kwa nguvu kubwa, vina uwezo wa kuanza kujipigia vyenyewe, kwa mwendo wa pole wa takriban mara 20 hadi 40 kwa dakika. Ni mpango wa dharura usioaminika sana, lakini umewahi kuwaokoa wengi.

Ulinzi wa mlango huo ni wa thamani hasa kwa wazee ambao vyumba vyao vya juu vimepoteza mpangilio na kutetema ovyo, zaidi ya mara 350 kwa dakika. Lau mitetemo hiyo yote ingeteremka, moyo usingeweza kusukuma damu. Nodi ya kati huichuja. Dijoksini, dawa inayotokana na mmea ambao faida zake zilielezwa na tabibu Mwingereza William Withering mwaka wa 1785, husaidia kwa sehemu kubwa kwa kuiongezea vagasi nguvu pale mlangoni.

MAPIGO YASIYO SAWA

Ubongo huamuaje ni lini kukaza na ni lini kulegeza? Katika ukuta wa ateri kubwa za shingo na katika upinde wa ateri inayotoka moyoni, mna vihisio vinavyopima jinsi ukuta unavyotanuka damu inapopita. Shinikizo la damu likipanda, vihisio hivyo hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na vagasi ikaamrishwa kukaza. Likishuka, kama pale unapoinuka ghafla kitandani, vagasi hulegeza na moyo ukaharakisha.

Msomaji anaweza kuishuhudia breki hii mwenyewe. Keti utulie kwa dakika chache, kisha weka vidole viwili kwenye mkono, chini kidogo ya shina la kidole gumba, hadi uhisi mapigo. Vuta pumzi polepole kwa sekunde tano, kisha itoe kwa sekunde tano nyingine. Rudia mara kadhaa.

Wengi, hasa vijana, watahisi mapigo yakienda upesi wanapovuta pumzi na kupungua wanapoitoa. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Ni vagasi inayolegezwa na kukazwa kwa kila pumzi. Moyo unaopiga sawasawa kama saa ya ukutani, bila tofauti hata kidogo, ndio unaoweza kumtia daktari wasiwasi.

Ukumbuke pia mwanariadha. Wakimbiaji wa mbio ndefu, wakiwemo wale wanaofanya mazoezi Iten na kwingineko katika Bonde la Ufa, huweza kuwa na mapigo yaliyo chini ya 50 kwa dakika wakiwa wametulia. Moyo wao umepanuka na husukuma damu nyingi kwa kila pigo, hivyo hauna haja ya kuharakisha. Kwa miaka mingi upungufu huo ulihusishwa na nguvu ya vagasi pekee. Siku hizi watafiti wanaamini kwamba mazoezi hubadilisha pia nodi ya sainasi yenyewe.

Jinsi breki inavyorudi baada ya kazi nako kunaeleza mengi. Mwaka wa 1999, watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 2,428 kwa miaka sita. Wale ambao mapigo yao yalipungua kwa 12 au chini ya hapo katika dakika ya kwanza baada ya zoezi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wenzao. Moyo unaochelewa kutulia ni moyo ambao breki yake imedhoofu.

BREKI INAPOKOSEA

Sasa turudi uwanjani. Mwanafunzi aliyesimama muda mrefu bila kusogeza miguu huwa na damu nyingi iliyotuama miguuni, na joto huzidi kuitanua mishipa. Damu inayorudi moyoni hupungua. Mwanzoni mwili hujitahidi: moyo huharakisha na mishipa hubana. Kisha, kwa baadhi ya watu, hutokea kinyume. Vagasi hukaza ghafla, mapigo hushuka, na wakati uo huo zile neva zinazobana mishipa huacha kazi. Shinikizo la damu huanguka, ubongo hukosa damu, naye huzirai.

Hali hiyo hiyo huweza kumpata mtu anayeona damu, anayechomwa sindano, aliyepata habari za kushtua au anayejikamua kwa nguvu msalani. Kwa baadhi ya wazee, hata kola inayobana shingo hutosha kuvidanganya vihisio vya ateri kwamba shinikizo limepanda.

Kuanguka chini ndiyo tiba ambayo mwili umejichagulia. Aliyelala, damu yake haina mlima wa kupanda ili kuufikia ubongo. Ndiyo maana anayemsimamisha humnyima dawa. Mlaze chali, inua miguu yake, legeza mavazi yanayobana, waondoe watu wanaomsonga, na usimpe kitu cha kunywa kabla hajapata fahamu kamili. Aghalabu huzinduka katika muda wa dakika moja au mbili. Asiharakishwe kuinuka. Iwapo hapumui sawasawa au hazinduki upesi, msaada wa daktari utafutwe mara moja.

Anayezijua dalili zake mapema anaweza kujikinga kwa kuketi au kulala. Akishindwa, apishanishe miguu na kukaza misuli ya mapaja na matako ili kuisukuma damu irudi moyoni. Kunywa maji ya kutosha na kuchezesha vidole vya miguu ukiwa katika paredi pia husaidia.

Hata hivyo, si kila kuzirai kunatokana na vagasi. Anayezirai akiwa katikati ya mazoezi, anayehisi maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio kabla ya kuanguka, au aliye na jamaa waliofariki ghafla wakiwa vijana, anapaswa kuchunguzwa na daktari bila kukawia.

Hatari ya pili iko shambani. Baadhi ya dawa za kuua wadudu hukizima kile kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini. Kemikali hiyo hujilimbikiza kana kwamba vagasi na neva nyingine za aina yake zimepigwa kufuli zikiwa zimekaza. Aliyeathirika hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, mboni za macho hufinyika, tumbo huendesha, mapafu hujaa majimaji na mapigo ya moyo huweza kushuka sana.

Mwathiriwa avuliwe nguo zilizoloa dawa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, asilazimishwe kutapika, na apelekwe hospitalini haraka. Anayemsaidia avae glavu ikiwezekana, na abebe chupa au karatasi ya maelezo ya dawa hiyo. Huko madaktari humdunga atropini, ambayo hukalia vipokezi vya asetilikolini na kuizuia isiendelee kuamrisha.

Hatari ya tatu hufika kimyakimya. Kisukari kisichodhibitiwa kwa miaka mingi huharibu neva, na vagasi, iliyo ndefu kuliko nyingi, huwa miongoni mwa zinazotangulia kudhurika. Mapigo ya mgonjwa hupanda akiwa ametulia, na ile tofauti ya pumzi hutoweka. Baya zaidi, neva za moyo zikifa, mtu anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo bila kusikia maumivu ya kumtahadharisha. Ndiyo maana mwenye kisukari anayejihisi mchovu ghafla, mwenye jasho au anayekosa pumzi, hapaswi kungoja kifua kiume ndipo aende hospitalini.

BREKI KAMA TIBA

Wapo pia ambao moyo wao huanza ghafla kwenda mbio, mara 150 au hata 200 kwa dakika, kisha ukatulia ghafla vilevile. Mara nyingi umeme huwa umepata njia ya kuzunguka na kurudi ulikotoka, kama gari lisiloweza kutoka katika mzunguko wa barabara, na nodi ya kati huwa sehemu ya mzunguko huo. Mlango ukifungwa kwa sekunde moja tu, mzunguko hukatika.

Njia mojawapo ya kuufunga ni kuiamsha vagasi. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2015 katika jarida la Lancet uliwahusisha wagonjwa 428. Walipuliza kwa nguvu kwa sekunde 15, kisha nusu yao wakalazwa chali mara moja na miguu yao kuinuliwa kwa sekunde 15. Katika kundi hilo, asilimia 43 walirejea katika mwendo wa kawaida, ikilinganishwa na asilimia 17 ya wale waliopuliza na kubaki wameketi.

Zoezi hilo halitumii dawa wala halina gharama. Lakini yafaa lifanywe kwa maelekezo ya daktari aliyekwisha kuthibitisha ugonjwa. Kusugua ateri ya shingo, njia nyingine inayoiamsha vagasi, kusifanywe nyumbani kabisa. Kwa mtu ambaye ateri zake zimejaa utando wa mafuta, kusugua huko kunaweza kubandua kipande kikaenda kuziba mshipa wa ubongo na kumpoozesha.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na katika mambo ya moyo walikuwa karibu sana na ukweli. Afya yake haitokani tu na nguvu ya kwenda, bali pia na breki inayokaza na kulegea kwa wakati wake. Breki hiyo hutunzwa kwa mazoezi na kwa kuidhibiti sukari. Nayo inapokosea, kama pale mwanafunzi anapoanguka katika paredi, anayemsaidia akumbuke kwanza kumwacha alale.